Kura ya Mke wa Mwana

Baba mkwe wangu alisimama uchaguzi mara nne, na mara zote nne mimi nilikuwa jikoni nikipika chai.

Watu waliokunywa chai ile nawakumbuka kwa majina yao na ya baba zao. Lakini wana wajukuu sasa, na mambo ya kura hayazeeki, kwa hivyo majina nayaacha. La mzee mwenyewe nisingeliandika kwa vyovyote. Kwetu mwanamke halitaji jina la baba mkwe. Ukitaka kumzungumzia unasema mzee, au unaelekeza mdomo upande alipo. Nilizoea hivyo tangu nilipoolewa, na sikuona kama ni mzigo. Ilikuwa kama kuinama unapopita mlango mfupi.

Mara ya kwanza ilikuwa mwaka wa uhuru. Wakati huo kulikuwa na bunge la jimbo, na wabunge wake walikutana Nakuru. Mzee alikuwa amefanya kazi ya ukarani kwenye shamba kubwa la majani chai, anajua kujibizana na mzungu kwa Kiingereza, basi wazee wakasema huyu ndiye. Akashinda. Watu wakaja kushangilia, na naweza kusema hawakurudi kwao. Kila asubuhi, ukungu haujatoka kwenye majani, ukifungua lango unawakuta wameegemea ua. Huyu mwanawe anataka kazi kiwandani, yule ana kesi ya mpaka, mwingine hana neno lolote, amekuja tu kumsalimia mheshimiwa. Na mgeni kwetu haulizwi shida kabla hajanywa kitu. Mama mkwe alinunua sufuria Sotik, kubwa ya kutosha kuogeshea mtoto. Siku ile ile ikaanguka kutoka kwenye Landrova ya mzee ikabonyea ubavuni. Sufuria hiyo ikawa yangu. Nilikuwa mdogo kuliko wake wote wa wana wa mzee, na aliye mdogo ndiye wa moto.

Haikuchukua muda serikali ikafuta mambo ya majimbo, na kiti cha mzee kikavunjwa angali amekikalia. Nikajua sasa wageni wataisha. Wapi. Mzee alisema anangoja kiti kikubwa, cha Nairobi, na mtu anayengoja kiti hafungi lango.

Mume wangu ndiye aliyekuwa akiendesha hiyo Landrova. Alikuwa amepata shamba letu wenyewe upande wa Ndanai, kule chini kwenye joto kidogo, pazuri kwa mahindi na ng'ombe. Tulienda mimi na yeye tukapanda miche ya kayaba kuuzunguka mpaka, mti ule wa miiba ambao ukishika hata mbuzi hapiti. Nilipoweka mche wa mwisho niliona nyumba yangu imesimama pale katikati, na jiko langu, na moto ninaoweza kuuzima nikitaka. Kwa mama mkwe nilikuwa na watoto wawili na sikuwa na chungu changu.

Tuliporudi nikamwambia mama mkwe tungetaka kuhama.

"Mtahama," akasema. "Nani atawazuia? Uchaguzi upite kwanza."

Uchaguzi wenyewe ulikuwa wa sitini na tisa. Mzee alishindana na mwalimu mkuu wa shule moja karibu na Kaplong. Mimi niliyapanga mambo kichwani kwangu nikiwa nimechuchumaa mbele ya moto. Mzee akishinda, wageni watazidi, na mimi sitatoka. Mzee akishindwa, lango litafungwa, nami nitaenda Ndanai. Sikuwa na ubaya naye. Hakuwahi kunifokea. Lakini niliamua kura yangu ni ya mwalimu.

Siku ya kura tulipanga mstari kwenye uwanja wa shule, na ile mvua yetu nyembamba ikitunyeshea. Njia nzima nilikuwa nikilisema jina la mwalimu kimoyomoyo, kama mtoto aliyetumwa dukani anayeogopa kusahau. Pale kituoni kwetu asiyejua kusoma alisema kwa mdomo. Unasimama mbele ya msimamizi, maajenti wameketi kando, unataja mtu wako, naye anakutilia alama. Nilikuwa nimejipa moyo kwamba ajenti wa mzee atakuwa mtu wa mbali. Kuingia, nikamkuta shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, amekunja nne kwenye dawati la watoto.

"Karibu, shemeji," akasema. "Chai umemwachia nani?"

"Mama."

"Basi fanya haraka. Mama hajui kuchemsha maziwa ya watu wengi."

Msimamizi alikuwa mtu wa upande wa ziwa, amevaa tai, amenyoa vizuri. Akaniuliza kwa upole, "Mama, unamtaka nani?"

Nikafungua mdomo. Jina la mwalimu lilikuwa pale pale ulimini. Nikamwona shemeji akitabasamu, akiningoja, na nikaiona jioni yote ya siku hiyo: anafika nyumbani, anaketi, anamwambia mama mkwe nilivyosema. Nikafunga mdomo nikatazama sakafu.

"Sema tu, mama. Usiogope."

"Hawezi," shemeji akasema. "Huyu ni mke wa ndugu yangu. Jina la mzee hawezi kulitaja. Weka alama pale."

Ajenti wa mwalimu akasimama. "Kunyamaza si kura. Kwani mabubu wote ni wa mzee wenu?"

"Wewe, mama yako amewahi kumwita babu yako kwa jina?"

"Mama yangu usimlete hapa."

"Simleti. Nauliza tu kama amewahi."

Yule ajenti akaketi. Msimamizi akaweka kalamu chini, akanitazama muda, nami nikadhani ameniona mpaka ndani. "Hata kwetu ni hivyo," akasema. "Wake wa ndugu zangu hawajawahi kulitaja jina la baba. Nakuelewa, mama." Akaniinamishia kichwa, akatia alama, akaikunja karatasi na kunipa niitumbukize mwenyewe.

Nikaitumbukiza. Walikuwa wamenifungia kwa wema, na mtu akikufungia kwa wema hujui utagonga wapi.

Nje nikamkuta mke wa kaka mkubwa wa mume wangu akijipangusa matope.

"Ulisemaje?" akaniuliza.

"Sikusema."

"Hata mimi."

Tukaenda kupika.

Mzee akashinda. Sasa akawa mtu wa Nairobi, anarudi Ijumaa na magari matatu nyuma yake. Sufuria haikukauka. Nilizaa watoto wengine wawili kwenye nyumba ile ya uani, na kila mtoto alipoanza kutembea alikuwa wa kutumwa na yeyote: lete kuni, chukua kibuyu, fukuza kuku miguuni mwa wageni. Mara moja kwa mwaka mume wangu alinipeleka Ndanai kutazama shamba. Kayaba ilifika magotini, ikafika kiunoni, ikanipita kichwa. Ua mzuri wa kijani, umefunga pande zote, na ndani hakuna nyumba. Jirani mmoja aliniuliza tunamfungia nani.

Kisha mzee akaanzisha ngumbaru, yale masomo ya watu wazima, kwenye kanisa alilotusaidia kuliezeka mabati. Watu waliona haya kwenda. Mzee akamwambia mama mkwe, "Wake za wanangu watakaa mbele, ili wengine waone." Basi tukakaa mbele, jioni baada ya kazi, kila mmoja na kipande cha chaki. Wenzangu waliacha mmoja mmoja. Mimi nilikuwa naenda ili niketi. Mahali pengine pote nilikuwa nimesimama.

Jina la kwanza nililolisoma bila kusaidiwa lilikuwa jina la mzee, kwenye karatasi ya kampeni iliyobandikwa mlango wa duka. Nilisimama hapo nikalisoma kimya, herufi kwa herufi, na hakuna kilichonitokea. Mdomo ndio uliokatazwa. Macho hakuna aliyeyafikiria.

Sabini na nne, kituo kile kile, shemeji yule yule, sasa ana kitambi.

"Pita tu, shemeji," akasema. "Wewe tunakujua. Msimamizi, huyu ni wa kwetu, weka pale."

"Nitaweka mwenyewe," nikasema.

"Utaweka mwenyewe?" Akamgeukia mwenzake akicheka. "Mnaona kazi ya mzee? Amewasomesha mpaka wapishi."

Nikaingia nyuma ya blanketi walilotundika. Jina la mzee lilikuwa juu, la mwalimu chini yake. Nikaweka alama chini. Na sijutii, hata leo.

Mzee alishindwa. Asubuhi iliyofuata niliamka kama kawaida, nikapika sufuria nzima, nikafungua lango. Hapakuwa na mtu. Siku ya pili nikapika nusu, na ile nusu wakanywa ndama. Nikangoja mpaka huzuni ipoe nyumbani, halafu nikamwendea mama mkwe. Nikarudia neno la Ndanai. Mzee alikuwa ameketi nje ya mlango, mgongo kwetu, kama ilivyo desturi mke wa mwana anapokuwa karibu. Akasema bila kugeuka, akimwambia mkewe:

"Ngumbaru ilipokuwepo, nani aliendelea mpaka mwisho?"

"Huyu," mama mkwe akajibu.

"Huyu peke yake?"

"Wengine waliacha."

Nikasikia tu fimbo yake ikichora chini. "Darasa nililijenga mimi," akasema, nami nikajua ameshaambiwa kwamba niliweka alama mwenyewe. Halafu, "Mwambie aende. Mpe ng'ombe yule mwekundu."

Tuliondoka na mkokoteni. Mume wangu akapata kazi ya kuendesha lori la maziwa Sotik, nyumba ikasimama katikati ya kayaba, na jiko likawa langu. Nilikuwa naamka alfajiri kwa mazoea, nakumbuka hakuna mgeni, nalala tena kidogo. Usingizi ule ndio ninaoukumbuka kuliko chakula chochote nilichokula.

Nilikuwa napalilia mahindi, mwaka wa sabini na tisa, niliposikia gari likisimama langoni. Shemeji akashuka.

"Shemeji, hamjambo huku? Mmejificha kweli kweli. Mzee amerudi uwanjani, bila shaka umesikia."

"Nimesikia."

"Basi amesema watu wa kampeni wa upande huu watakusanyika hapa kwako. Nyumbani ni mbali nao."

"Nani atapika?"

Akanishangaa. "Amesema wewe unajua."

Vijana waliokuja naye wakashusha gunia la sukari, na majani, na mwisho sufuria. Niliijua kabla hawajaigeuza, kwa lile bonyeo la ubavuni. Wakaiweka mlangoni pa jiko langu.

Shemeji alikuwa anazunguka akiutazama ua. "Kayaba imeshika hii," akasema, "lakini lango ni jembamba, magari hayatapita." Akatoa panga chini ya kiti cha gari na kuanza kukata.

Nilisimama na jembe nikitazama matawi yakianguka. Kisha nikaenda kuchota maji.