Onja Kwanza, Daktari

Wilhelmina Mayala alisomea sumu mpaka madarasa yakamwishia. Alichukua shahada ya uzamivu huko nje, akavumilia miaka ya baridi, na aliporudi nyumbani watu wa Kisesa wakamuuliza swali moja tu: anatibu nini? Hatibu. Anachunguza sumu iliyomo kwenye chakula, maji na samaki, na kupima kama kiasi chake kinaweza kumdhuru mtu. Wakaguna. Tangu siku hiyo akaitwa Daktari wa Sumu, na harusini kila alipompelekea mtu sahani hakukosekana wa kumtania: onja kwanza, Daktari! Naye alikuwa akionja, watu wakacheka, akacheka nao.

Darasani kwao Watanzania walikuwa watatu. Hellen alipata kazi Botswana akaolewa hukohuko. Abubakary, mjanja wa kuzaliwa, alipewa maabara ya kiwanda cha samaki Mwanza mjini, kupima minofu ya sangara kabla haijapanda ndege. Wilhelmina, ambaye aliwapita wote wawili kwa alama, alizungusha barua za maombi mpaka soli za viatu zikalika, akaishia kufundisha kwa vipindi kwenye chuo kimoja Buhongwa, mbele ya wanafunzi wanaosinzia. Elimu nayo ina bahati yake, jamani.

Aliyemsomesha ni mama Paskazia. Hakuwa mama yake mzazi. Mama mzazi alifariki Wilhelmina akiwa bado anatambaa, ndipo mzee Mayala akamwoa Paskazia, mwanamke ambaye hakujaliwa mtoto. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na yule mama aliifanya kazi hiyo hasa. Alilima mchicha na nyanya bondeni, akauza, ada ikalipwa. Chakula kikiepuliwa jikoni, tonge la kwanza lilikuwa la Mina, kama alivyomwita. Hata mzee Mayala mwenyewe alisubiri.

Mwaka juzi mzee huyo alikula ugali kwa mchicha mchana, akalalamika kifua, na kabla gari halijapatikana akakata roho. Alikuwa na presha ya siku nyingi, na vidonge alishaviacha akidai vinamlegeza. Lakini nani alitaka kusikia habari za presha? Mdogo wake, Shigela, ambaye siku zote alilimezea mate lile shamba la bondeni, akasema kaka yake amelishwa kitu. Wazee wakakataa mwili upasuliwe. Wakazika, kisha minong'ono ikaanza, na macho yakamgeukia mjane. Mtu asidhani ni jambo dogo. Huku kwetu mama mtu mzima akishanyooshewa kidole namna hiyo, hata usingizi anaulala nusunusu.

Wengine walitaka aitwe mganga. Paskazia mwenyewe ndiye aliyekataa. Alisimama mbele ya ukoo akauliza mganga wa nini, na nyumba hii ina daktari wa sumu. Mboga iliyobaki siku ile alikuwa ameihifadhi, imo kwenye sufuria ileile, imefunikwa. Akamkabidhi Wilhelmina watu wakiona.

"Nenda kapime, mwanangu. Utakachokikuta ndicho ukiseme. Mimi sina wasiwasi."

Wilhelmina akaipeleka kwa Abubakary, wakapima pamoja. Dawa ya kuulia wadudu ilikuwemo, chembe tu, kama ilivyo kwenye mchicha wa soko lolote mjini. Mtu angekula debe zima asingeumwa hata tumbo. Abubakary akavua glavu, akamtazama mwenzake kwa huruma.

"Mina, waambie haimo. Neno moja tu. Wale hawataki hesabu."

"Imo, Abu. Nimeiona kwa macho yangu."

"Na haikuua mtu."

"Basi nitawaambia hivyohivyo."

Alifundishwa kwamba mwenye fani yake hafichi alichokiona, na hilo aliliamini kama wengine wanavyoamini sala. Tena tuseme kweli, fahari nayo ilikuwepo. Kwa mara ya kwanza Kisesa ilikuwa na haja na kitu alichokisomea, akataka kukisema chote, vizuri, kwa mpangilio.

Ukoo ukakaa uwanjani kwa marehemu. Akaanza mbali, kama afanyavyo chuoni. Akasema hata chumvi inaua mtu akiila kwa vikombe, na kwamba kinachoua ni kiasi. Wazee wakaanza kukohoa. Shigela akamkatiza, akamwomba mihadhara awaachie wanafunzi wake.

"Sisi tunauliza kitu kimoja, mwanangu. Sumu imo au haimo?"

Wilhelmina akamtazama mama yake. Paskazia akamwitikia kwa kichwa, ametulia kabisa.

"Imo, baba mdogo, lakini ni kidogo mno, haiwezi..."

"Lisemwalo lipo!" Shigela akasema.

Kilichofuata kilikuwa vilio na matusi. Wilhelmina alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka, akawaeleza kiasi, akawaeleza presha na vidonge, wala hakuna aliyemsikiliza. Mmoja wa shangazi alisikika akisema maskini binti anataka kumkingia kifua mama yake wa kambo, ila elimu imemlazimisha kusema kweli. Paskazia hakulia. Aliomba aachiwe khanga zake tu, akaondoka jua likiwa bado juu, akaenda kwa kaka yake Ukerewe. Shigela akalichukua shamba. Msimu uleule akapanda mchicha, akaupulizia dawa ileile kutoka duka lilelile, na ukoo mzima ukala.

Wilhelmina aliona haya, na haya ilimfungia njia miezi mingi. Siku alipopanda meli ya Nansio, bandari ya Ukerewe, alikuwa amejipanga kuomba msamaha kwa magoti. Hakupewa nafasi. Mama Paskazia aliitikia shikamoo yake kwa furaha, akamuuliza mbona amekonda, akamketisha kwenye mkeka, akaingia jikoni. Akatoka na ugali wa muhogo na sato wa kuchemsha, akamnawisha mikono kama zamani. Moyo wa Wilhelmina ukalegea. Akajiambia labda yamekwisha, akanyoosha mkono kupokea tonge la kwanza.

Mama akauzuia mkono ule taratibu, bila kinyongo chochote usoni. Akamega ugali, akachovya kwenye mchuzi, akatafuna, akameza. Akakaa kidogo, mikono mapajani, binti yake akimwona. Kisha akamsogezea sahani.

"Haya, kula mwanangu. Nimeshaonja."