Mwalimu Aliyesikia Kura

Mumewe Ng'washi alipohamia Geita kwa mwanamke mwingine, hakuna aliyemsema. Aliyesemwa ni Ng'washi aliyebaki. Shemeji yake, Maige, alikuwa wa kwanza, na kabla mihogo haijakomaa alikwisha kuliomba shamba la Ng'washi kwa mwenyekiti wa kijiji. "Shamba halikai bila mwanamume," alisema, kana kwamba mwanamume ndiye aliyekuwa akilipalilia. Shauri lingekatwa kwenye mkutano wa Sabasaba kwa kunyosha mikono, na mkono wa Ng'washi haukuhesabiwa. Kijijini hapo, mbele kidogo ya Kiseke, kando ya ziwa, kila kaya ilikuwa na kura moja, ya mkuu wa kaya.

Miezi hiyo Ng'washi hakumpenda mtu. Ila mwalimu mmoja alimlazimisha.

Mwalimu Immaculata alikuwa Mhaya wa Bukoba, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Shule ilikuwa imeagizwa darasa la saba lichague jambo moja linaloisumbua jamii, walichunguze, wakalieleze mbele ya mkutano. Mwalimu mwingine angeandika "pamba" ubaoni akaenda kunywa chai. Yeye aliwaambia wanafunzi, "Mimi ni mgeni hapa. Nendeni mkawaulize mama zenu, kisha mchague."

Wakamkuta Ng'washi akianika dagaa juu ya mawe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mmefuata nini?"

"Tunauliza shida yako ni nini," alisema Tereza, binti wa mwenyekiti mwenyewe.

"Shida yangu? Kula! Mimi sina kula, na wenzangu wa huku ziwani hawana kula. Kamwambie baba yako."

Watoto wakaondoka vichwa chini. Kesho yake wakarudi na mwalimu wao, na debe la unga kutoka ghala la shule.

Ng'washi aliutazama unga. Akautazama ua wake, mihogo imeanikwa hadi mlangoni.

"Nani kawaambia nina njaa? Mume akikimbia, mke anageuka ombaomba?"

"Lakini ulisema huna kula, mama," Tereza alisema.

"Ndiyo, sina! Kula! Hii!" Akanyosha mkono juu, mkono unaong'aa magamba ya dagaa.

Watoto, Wasukuma watupu, waliduwaa. Si ndiyo hiyo hiyo waliyoisikia jana? Mwalimu peke yake, aliyezaliwa penye lugha yenye r, ndiye aliyeshtuka. Hakucheka.

"Kura," alisema polepole. "Mama Ng'washi, nisamehe. Watoto hawana kosa. Nilitakiwa nije nisikie kwa masikio yangu."

Ng'washi hakuwahi kuombwa msamaha na mtu aliyesoma. Wala na asiyesoma.

"Basi waamuru walisemee hilo."

"Siwaamuru."

"Kwani wewe si mwalimu?"

"Nikiwachagulia mimi, watalisema kwa mdomo wangu. Mwenyekiti atanijibu mimi, na yatakuwa yamekwisha. Wakilichagua wenyewe, itabidi awajibu watoto wake."

Maneno ya watu walioshiba, Ng'washi aliwaza. Usiku ule aliliona shamba limekwenda.

Yaliyotokea darasani alisimuliwa na Tereza baadaye. Wavulana walitaka kiwanja cha mpira, wengine walitaka suala la mbu. Mwalimu hakubishana na mtu. Aliuliza tu, "Mkutano uliopita, nani alimwona mama yake akinyosha mkono?" Hakuna mkono ulioinuka. "Haya. Nendeni mkaulize kwa nini." Waliporudi walipiga kura, wavulana kwa wasichana, na kiwanja cha mpira kikashindwa.

Siku ya Sabasaba Tereza alisimama mbele ya kijiji kizima. Hakumwita baba.

"Ndugu Mwenyekiti, mkuu wa kaya ya mama Ng'washi ni nani?"

"Mumewe."

"Yuko wapi?"

"Geita. Kila mtu anajua."

"Na anayelima shamba?"

Mwenyekiti alikohoa. "Mkewe."

"Sasa hiyo kura inapigwa na nani, Ndugu Mwenyekiti? Sato wa ziwani?"

Watu walicheka hadi mke wa Maige akajifunika kanga usoni. Katibu wa kijiji alipoona kicheko hakiishi, akasimama akasema utaratibu unataja mkuu wa kaya. Haujasema awe na ndevu. Mwenyekiti alimtazama binti yake. Kisha akasema, "Aliyepo na anyoshe."

Shauri la shamba lilipoitwa, Ng'washi akanyosha. Nyuma yake akanyosha bibi Bernadeta, mjane, na wengine wa ziwani waliokuwa wamekaa kwenye mchanga kama watazamaji. Shamba likabaki kwa mwenye jembe. Tangu siku ile Maige hamsalimii, na hilo nalo ni faida.

Akageuka kumtafuta mwalimu. Alikuwa amesimama pembeni, mikono kifuani. Mfanyakazi wa serikali, mkazi wa nyumba ya shule, hakuhesabiwa kaya. Mkutano wote ule, yeye hakuwa na kura.

Jioni Ng'washi alilirudisha debe la unga aliloachiwa, halijapungua, na juu yake amerundika dagaa wakavu.

"Shika, Mwalimu," alisema mlangoni. "Hii sasa ndiyo kula yenyewe."

Ndipo Mwalimu Immaculata alipocheka.