Jina Utakaloweza Kuliita

Waliokuwapo siku ile pale ndivani, kwenye bwawa letu, nawakumbuka wote kwa majina, ila nitakutajia wachache, mwanangu, nisikuchanganye kama nilivyochanganyikiwa mimi. Alikuwapo Kajiru, baba mkwe wangu. Alikuwapo mkewe, Namkunda, yaani mama mkwe. Alikuwapo binti yao Nakiete, wifi yangu, ambaye bado tuko naye hai. Alikuwapo jirani yetu mzee Mbazi, mwenye kazi ya kufungua na kufunga maji. Nilikuwapo mimi, na mwanangu wa kwanza, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amejua kukimbia. Mume wangu Elieza hakuwapo; alikuwa bondeni, kwenye mashamba ya mkonge.

Ona, nimeandika jina la baba mkwe, na mkono umesita. Amelala kaburini miaka mingi, na bado unasita.

Siku hiyo nimeikumbuka kwa sababu ya simu. Juzi mke wa mjukuu wangu alinipigia kutoka Same. Ni binti wa kijiji cha Maore, mchangamfu, amejifungua mtoto wa kiume.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mama. Mtoto hajambo?"

"Hajambo, ananyonya mpaka anasinzia. Bibi, tunatafuta jina. Nataka la kipekee, akiitwa darasani asiinuke na mwenzake. Mwenzangu ameng'ang'ania aitwe Ndiva kama baba yake. Sasa Ndiva maana yake nini? Nimelitafuta kwenye simu halipo."

"Ni bwawa."

"Bwawa tu?"

"Bwawa tu, mama."

"Kwenye simu kuna moja zuri, Bibi. Maana yake simba wa jangwani."

"Simba wa jangwani huku milimani atakula nini? Tangawizi?"

Alicheka sana, akaniaga. Lakini mimi nilibaki nimekaa na simu mapajani. Yule binti alikuwa amelitaja jina la baba mkwe wake, Ndiva, kama anavyotaja chumvi. Nimkanye au nimshukuru Mungu? Sijui. Nimelala nalo, nimeamka nalo, sijui.

Maana sisi, mwanangu, hatukuwa hivyo. Mwanamke akiolewa, jina la baba mkwe halipiti mdomoni mwake. Hata kama kuna kitu kinachoitwa kwa jina hilo, utakitafutia njia ya kukizunguka. Na desturi hiyohiyo ikasema kwamba mtoto wa kwanza wa kiume apewe jina la baba wa mume. Basi nilizaa mtoto, wakampa jina, na jina hilo mimi mama yake nikawa siwezi kulitamka. Wengine wakimwita Kajiru, mimi namwita Baba, au Mzee. Nikimnyonyesha, "nyonya, Mzee wangu." Watu walicheka, nami nilicheka. Ndivyo ilivyokuwa kwa kila mke pale mlimani.

Siku moja nilimuuliza mama mkwe jina lile lina maana gani. Sikulitaja, nilimwonyesha mtoto kwa kidole. Akasema, "Ni la babu wa mume wangu."

"Na huyo alilipata wapi?"

"Kwa babu yake. Chuma maharage, jua linapanda."

Maana ya jina ilikuwa wale waliokuwa nalo. Sikuelewa wakati ule, na sasa naelewa nusu.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa msaragambo, kila nyumba imetoa mtu kwenda kuzibua mfereji. Ndiva ni bwawa letu: maji ya mfereji hukusanyika humo usiku, asubuhi hufunguliwa yateremke mashambani. Asubuhi ile ilikuwa imejaa hadi ukingoni. Wanaume walikuwa chini mferejini na majembe. Mimi nilikuwa upande wa pili, na karai la matope kichwani. Mtoto nilimwacha kwa Nakiete, na Nakiete, msichana wa watu, alikuwa akisuka nywele za rafiki yake.

Mzee Mbazi akashika mti wa kizibo na kupaza sauti kwamba anafungua. Nikageuka. Mwanangu alikuwa juu ya ukuta wa ndiva, anakimbia kuelekea mdomo wa maji, mahali ambapo maji yakishaanza kuvuta, hata mtu mzima hatoki.

Nikaita, "Baba! Baba!"

Wanaume wote wakainua vichwa. "Naam! Kuna nini?"

"Mzee! Wewe Mzee!"

"Mzee yupi, mama?" akauliza Mbazi, mkono bado uko kwenye kizibo.

Mtoto hakugeuka. Angegeukaje? Baba walikuwa wengi na wazee walikuwa wengi; pale ndivani hayo hayakuwa majina yake. Ndipo karai likaanguka, na kitu kikanitoka kifuani: "Kajiruuu!"

Mtoto akasimama. Akageuka, akakaa kitako palepale ukutani, akaanza kulia. Nakiete akamrukia akamnyakua. Na kutoka mferejini, sauti ya baba mkwe ikajibu, taratibu, "Naam."

Majembe yalisimama. Sikujua nikamkumbatie mtoto au nipige magoti. Nilifanya vyote viwili vibaya: nilianza kwenda kwa mtoto, nikarudi, nikapiga magoti katika matope yangu mwenyewe.

Mama mkwe alinifikia wa kwanza. Alinishika mkono akanivuta pembeni. "Umemvua mkwe wako nguo mbele ya watu," alisema. Lakini huku akisema hivyo alikuwa ananifuta matope usoni kwa khanga yake. Nikashindwa kujua nishike lipi, maneno au khanga.

Wengine wakaanza kusema nitozwe mbuzi. Mzee Mbazi akawakata: "Mbuzi wa nini? Mlitaka leo tuchimbe mfereji au kaburi?"

Baba mkwe akapanda kutoka mferejini. Alisimama mbali nami kidogo, kama ilivyo adabu, akasema akiangalia maji.

"Mkwe, ulipoita Baba, nani aliitika?"

"Ninyi nyote, baba."

"Na mtoto?"

"Hakuitika."

Akasema, "Kumbe nilimpa mtoto jina, nikamnyima mama yake. Langu abaki nalo, wataliita wengine. Wewe mwite Ndiva. Ukiita, yeye peke yake ageuke."

Hiyo ndiyo asili ya jina Ndiva katika nyumba yetu. Halipo kwenye simu kwa sababu simu haikuwapo pale.

Ungedhani mambo yaliisha vizuri. Mimi sijui. Tangu siku ile baba mkwe alihamisha kigoda chake, akawa anakaa upande wa pili wa ua, mgongo kwa jiko langu. Makande niliyompikia alikuwa anarudisha nusu bakuli. Ilikuwa hasira? Ilikuwa haya? Au ni uzee tu, meno yamekwisha? Desturi haikuniruhusu kumuuliza, na alikufa kabla haijalegea.

Basi hili ndilo naweza kukuambia, mwanangu, pamoja na kuchanganyikiwa kwangu. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, kwa hiyo majina ya wazee msiyatupe kwa sababu hayana simba ndani yake. Lakini pia heshima si utumwa. Kabla hujampa mtoto jina, la babu au la kwenye simu, la kawaida au la peke yake, simama mlangoni ulipaze kwa sauti yako yote. Kama kinywa chako wewe mama kinasita, tafuta jingine. Na ukishampa, mweleze lilikotoka, angali anakusikia. Binti wa Maore nimemwambia hivyohivyo: kama Ndiva linamtoka, amwite Ndiva, na mkwewe nitasema naye mimi.

Mungu awape watoto wanaogeuka wakiitwa, na awape sauti ya kuwafikia.

Na kama yupo aliyekuwa msaragamboni siku ile, anisahihishe. Maana Nakiete anasema sikuita peke yangu. Anasema sauti zilikuwa mbili, yangu na ya mama mkwe, ambaye naye kwa miaka yote ya ndoa hakuwahi kulitamka jina la mumewe. Na kwamba baba mkwe aliitika ile ya mkewe. Mimi nakumbuka sauti moja. Anayejua aniambie.