Friji la Mama na Umeme wa Baba

Friji la Mama lilikaa sebuleni mwaka mzima likiwa limejaa khanga. Nililinunua mimi Krismasi iliyopita, kwa kiherehere changu cha kurudi nyumbani Old Moshi na kitu ambacho ndugu zangu hawajaleta. Nguzo ya umeme ilishafika barabarani. Kilichobaki ni Baba kukubali waya upite juu ya kihamba, shamba letu la nyumbani, juu ya migomba yake na kahawa yake, na Baba hakutaka.

Mama alilihitaji kweli. Mnunuzi wa maziwa hupita asubuhi tu, kwa hiyo maziwa ya jioni humchachia, na roho humuuma.

"Huo wa nguzo ni umeme gani?" Baba aliniuliza Desemba hii, nikiwa hata sijamaliza shikamoo. Mimi ni mwalimu wa fizikia. Ukiniuliza swali kama hilo umechokoza nyuki. Nikamweleza kwamba umeme wa betri yake ya sola, ule unaowasha taa na redio, unakwenda upande mmoja tu. Wa nguzo unakwenda na kurudi, unakwenda na kurudi, mara nyingi hata kabla hujapepesa jicho.

Baba ni msimamizi wa mfongo, mfereji unaotuletea maji kutoka mlimani. Akatikisa kichwa.

"Maji yangu hayajawahi kurudi mlimani. Kitu kinachokwenda na kurudi kimefika wapi?"

Kesho yake akabeba betri mpaka sebuleni, akabana nyaya zake kwenye plagi ya friji, akaketi. Friji kimya.

"Baba, haliwaki hilo."

"Subiri. Hata bwawa la mfongo hujaa kwanza."

Akanywa chai, akasubiri. Mama akapita na majani ya ng'ombe, akamtazama, akaguna, akaenda zake. Mimi damu ilinichemka. Nafundisha watoto wa watu wanaelewa, halafu baba yangu mzazi ananikalia na plagi!

Mwishowe nikakumbuka kwamba ujanani alipasua mbao.

"Baba, ule msumeno wa watu wawili, ulikuwa unakwenda na kurudi. Ulifika wapi?"

"Haukufika popote."

"Na gogo?"

Akakuna kidevu. "Gogo lilipasuka."

Nikajiona bingwa. Nikaendelea kwamba mota ya friji hili imetengenezwa kwa msukumo huohuo wa msumeno. Betri inasukuma upande mmoja, tena kwa nguvu ndogo. Akaitikia kila neno kama mwanafunzi mzuri.

"Nimeelewa," akasema. "Waya haupiti."

Nilitaka kulia. Mama, aliyekuwa mlangoni, akaanza kucheka mpaka akashika fremu.

"Mwanangu, unamaliza mate bure. Baba yako alielewa tangu jana. Muulize, maziwa ya jioni yakilala humo yakabaki mazima, mtindi wake atautoa wapi?"

Baba akaitazama betri yake. Miaka yote nimemwona na kikombe cha mtindi mkononi, na sijawahi kujiuliza unatoka wapi. Mwalimu mzima!

"Kibuyu kimoja kitabaki nje kila jioni," Mama akasema. "Yanayobaki ni yangu."

Baba akafikiri. Akabandua waya mmoja, kisha wa pili.

"Mwite fundi," akaniambia. "Ila asiguse migomba yangu."

Mama alikuwa ameshaanza kutoa khanga.