Istikhara Isiyoswaliwa

Mama mkubwa Mahfoudha, dada wa mama yangu, hajawahi kumwibia mtu hata sindano. Nalisema hilo mwanzo kwa sababu ninayoyasimulia yatamfanya aonekane mbaya, na mjumbe wake nilikuwa mimi.

Mumewe, Marhoon, alikuwa dereva wa teksi. Alipofariki hakuacha pensheni. Aliacha nyumba mtaa wa Mabela, iliyopakwa rangi nusu, na binti mmoja, Mazoon. Wakaishi kwa dhamana, ndivyo tunavyouita msaada wa serikali: fungu la mjane na fungu la binti asiyeolewa. Mwanzoni pesa hizo zilitosha mchele na umeme tu. Baadaye zikaongezwa, wakaweza kununua nguo za Idi bila kukopa. Lakini binti akiolewa, fungu lake linakatwa.

Mazoon alipofika miaka ishirini na minane, Humam akaleta posa. Alikuwa na duka la vipuri vya viyoyozi mtaa wa Hamriya, wazee wake walihamia huku kutoka Unguja kama wetu, mpole, mtu wa msikitini. Sikumwona na kasoro ila masikio makubwa. Mama mkubwa akaomba wiki moja aswali istikhara, ndiyo desturi yetu, Mungu amwonyeshe kama ndoa ina kheri. Siku ya tatu nikamkuta jikoni anapiga hesabu ya yale mafungu nyuma ya risiti ya umeme. Akanituma kwa dada yake Humam nikaseme kuwa istikhara haikutoka vizuri.

Kwetu sisi jibu hilo halihojiwi. Nani atabishana na Mungu? Waliokuja kuposa hawachukii, na binti hapati jina baya. Nilijua hakuswali, na nikaenda hivyo hivyo. Nikakaribishwa juisi ya embe, nikainywa yote. Mpaka leo najichukia kwa ile juisi.

Miaka kumi na tano ikapita. Wachumba wakapungua, kisha wakakoma. Humam akaoa kwingine, sasa ana watoto wanne. Mazoon akawa anakaanga sambusa na kuwauzia majirani kimyakimya, asije akaandikwa kuwa ana kazi, fungu likakatwa.

Kisha ikaja sheria mpya ya hifadhi ya jamii, na mama mkubwa alikuwa ameshapita miaka sitini. Adhuhuri moja nikiwa kwake, ujumbe wa benki ukaingia kwenye simu, akanipa nimsomee. Ilikuwa pesa ya uzeeni, yake mwenyewe, ya kila mwezi, isiyouliza nani kaolewa na nani hajaolewa. Ilizidi yale mafungu mawili ya zamani yakiwekwa pamoja. Nilidhani atashukuru. Akaanza kulia, akisema lau angalijua yatakuja haya, asingalimkatalia yule kijana. Nikamjibu kwa ukali kwamba hakuwa na haja ya kujua, angemwoza tu, tungekula wali na chumvi. Wahenga wanasema majuto ni mjukuu. Kwa mama mkubwa, huyo ndiye mjukuu pekee aliyempata.

Akamwita Mazoon, aliyekuwa anasukuma manda za sambusa. Nikainuka niwapishe, mama mkubwa akanishika mkono nisitoke.

"Mwanangu, ile istikhara ya Humam sikuiswali," alisema. "Nliogopa fungu lako litakatwa, tutakula nini. Nisamehe."

Mazoon akakaa. Alijipangusa unga mikononi, kidole kimoja kimoja, mpaka nikatamani apige kelele tu tujue moja.

"Mie nliswali, mama," alisema. "Siku tatu. Yangu ilitoka njema, moyo wangu ulitulia kabisa. Uliposema yako imetoka mbaya, nkaona basi mie ndo sijui kumsikia Mungu."

Akainuka arudi kwenye manda zake. Mlangoni akasimama.

"Sijaiswali tena tangu siku ile."