Masikio ya Fundi Terada

Terada Kunihiko alikuwa amerekebisha sauti za piano mjini Hamamatsu kwa miaka arobaini na mmoja, na Alhamisi moja mchana, sebuleni kwa Daktari Ogino, aliamini kazi imemwisha.

Ogino, daktari wa meno mstaafu, alikuwa amenunua kijisanduku cha kugeuza sauti, kile kinachochomekwa kwenye kompyuta ili muziki utoke safi kuliko kompyuta yenyewe inavyoweza. Akawaita marafiki watatu. Akawapigia kipande cha piano katika rekodi ya kawaida, kisha kipande kilekile katika rekodi ya ubora wa juu, nzito kiasi kwamba kuipakua tu kulikula nusu ya asubuhi. Halafu, kama ilivyokuwa desturi ya vikao vyao, kila mgeni akatakiwa aseme neno.

"Mbingu na ardhi!" alisema wa kwanza, muuza chai.

"Hapa kuna hewa bwana," alisema wa pili, dereva wa treni mstaafu. "Hata pumzi ya mpigaji naisikia."

Zamu ikamfikia Terada. Hakuwa amesikia tofauti yoyote, hata ya kulazimisha. Lakini nani amvunje moyo mwenye nyumba, tena huku anatafuna maandazi yake? "Kweli kabisa," akasema, akachukua andazi jingine.

Muuza chai anasikia, dereva wa treni anasikia. Yeye aliyelishwa na masikio yake maisha yote, hasikii. Aliogopa sana. Alipofika nyumbani alimpigia simu Mwalimu Muramatsu, ambaye wanafunzi wake wangepiga piano mbele ya wazazi Jumapili, akamwomba atafute fundi mwingine.

"Umeamua peke yako?" aliuliza mkewe, Sachie.

"Masikio ni yangu."

"Juzi umenisikia nafungua pakiti ya biskuti nawe uko bafuni, Baba Naoko."

"Biskuti si piano."

Jumamosi asubuhi alirudi kwa Ogino kumwambia ukweli, maana uongo ulikuwa unamwasha. Ogino alipoingia jikoni kuchemsha maji, Terada akainama kukitazama kile kijisanduku. Mke wa Ogino alikuwa amekifunika kwa kitambaa cha kufuma, kisiingie vumbi. Terada akakiinua kitambaa. Chini yake iliwaka nambari: 48.

"Daktari, hii nambari ya nini?"

"Hiyo? Si ukubwa wa sauti?"

"Sauti si unaongezea kwenye amplifaya?"

"Basi joto."

Terada akavaa miwani na kufungua kijitabu cha maelekezo, ambacho hakikuwa kimefunguliwa hata mara moja. Nambari ile ilikuwa kipimo cha ubora wa sauti inayoingia, na ile rekodi nzito ilitakiwa kuonyesha 192. Wakaipiga: 48. Wakapiga ya kawaida: 48. Kompyuta ilikuwa inachukua kila rekodi, nzito kwa nyepesi, na kuilazimisha iingie katika kipimo chake yenyewe kabla ya kuitoa. Kulikuwa na mahali pa kuiamuru isiguse kitu, na hakuna aliyekuwa amepagusa.

Terada akakaa sakafuni. Kumbe Alhamisi hapakuwa na tofauti ya kusikia! Watu wazima wawili walisifu hewa isiyokuwepo, na masikio yake peke yake ndiyo yaliyosema kweli. Akacheka mpaka Ogino akaona haya.

"Tafadhali usiwaambie wale," Ogino alisihi. "Ngoja nirekebishe, usikilize."

"We rekebisha. Mimi nina simu ya kupiga."

Akapiga akiwa kizingitini, kiatu kimoja mguuni.

"Mwalimu, ni Terada. Yule fundi mwingine ameshakubali?"

"Fundi gani?"

"Niliyekuomba umtafute."

"Sikutafuta mtu. Ile piano uliyoirekebisha mwezi jana naipiga kila siku, na haijalegea hata noti moja. Wewe unaniambia masikio yamekufa, yenyewe inaniambia vingine. Nimwamini nani?"

Machozi yalikuwa yanamtoka Terada, wala hakuyafuta.

"Upo?"

"Nipo, Mwalimu."

"Basi kesho saa mbili. Na usiniletee tena upuuzi."

"Nitafika saa moja," akasema, akainama kutafuta kiatu cha pili.