Fyuzi ya dhahabu ya shemeji Elibariki

Leo nimeitikia kwa kichwa kitu ambacho sikukisikia.

Shemeji Elibariki, mdogo wake mume wangu, kaja kwetu Kwa Mrombo na fyuzi moja kwenye kiboksi.

Ati imepakwa dhahabu. Ukiiweka kwenye plagi ya amplifaya, muziki unakuwa msafi. Anataka tumpe mbuzi wetu mwenye mimba.

Akaiweka. Akafungulia kwaya. Kinanda kinaanza tu, akasema, "Sikia hiyo besi."

Mume wangu kafumba macho. "Kweli, imetulia."

Wakanigeukia wote wawili. Nikaitikia.

Lakini moyo ukakataa. Fyuzi si kawaya ka kukatika umeme ukizidi? Inajuaje kwaya?

Nikafuata waya wa amplifaya mpaka kwenye ekstensheni. Nikaichomoa ukutani, nikafungua plagi yake kwa bisibisi.

Mahali pa fyuzi pana karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, imeviringishwa vizuri.

Aliyetutengenezea ekstensheni hiyo Krismasi ni Elibariki. Na hapa kwetu mvuta sigara ni yeye peke yake, akija. Tumelala na hatari hiyo ya moto miezi yote hii.

"Shemeji," nikamwambia, "umeme unapita kwanza kwenye sigara yako ndipo ufike kwenye dhahabu yako."

Kakohoa. "Ndiyo maana besi haijatoka yote."

Mbuzi haendi popote.

Ila mume wangu bado anaapa aliisikia. Nyie mngemcheka?

Mimi nimeshindwa. Niliitikia kabla mwimbaji hata mmoja hajafungua kinywa.